Fungua multimita ya bei nafuu uone inakukinga kwa kitu gani

Mtu akinionyesha multimita mpya, siangalii kwanza maandishi ya CAT III usoni, yaani daraja la usalama linalodaiwa na mtengenezaji. Naomba bisibisi. Kuandika kila mtu anaweza. Siku ukikosea, umeme utakutana na vipuri vilivyoko kati ya matundu ya nyaya na chipu, na hivyo ndivyo tutakavyovifuata hapa.

Hatua ya 1: Fungua

Chomoa nyaya zote mbili, toa betri, legeza skrubu za nyuma. Inua bodi polepole, maana chini ya swichi ya kuzungusha kuna vibati vya mguso, na mara nyingi gololi zenye springi. Zikiruka utazitafuta sana.

Hatua ya 2: Anzia tundu la 10A

Utaona waya mnene uliopinda kama daraja, unatoka tundu la 10A kwenda COM, tundu la pamoja la waya mweusi. Hiyo ndiyo shanti, kipande ambacho mkondo unaopimwa hupita, na ukinzani wake ni takriban omu 0.01. Angalia kama kuna fyuzi kati yake na tundu. Mita nyingi ndogo hazina, na zenyewe zinakiri kwa neno UNFUSED kando ya tundu. Maana yake ni kwamba waya mwekundu ukiwa hapo nawe ukagusa soketi, umepiga shoti kwa mkono wako mwenyewe.

Hili limenipata. Nilikuwa nimemaliza kupima mkondo wa chaja, nikageuza swichi kwenye volti bila kuhamisha waya, nikapima soketi. Ulitokea mlipuko na mwanga mweupe, ncha ya waya ikayeyuka, breka ikaanguka. Nilipona kwa sababu breka iliwahi.

Hatua ya 3: Soma fyuzi

Itoe usome vifuniko vyake vya chuma. Mara nyingi utakuta ya kioo, milimita 5 kwa 20, volti 250, ilhali swichi ya mita inaonyesha volti 600. Hapo pana tatizo. Fyuzi haikati umeme kwa kuyeyuka tu. Uzi ukishayeyuka, tao la umeme linaendelea kupita kwenye mvuke wake, na lazima kitu kilizime. Fyuzi ndogo ya kioo ya kawaida huhakikishiwa kukata ampea 35 tu, au mara kumi ya ukubwa wake, kinachozidi kati ya hivyo viwili. Shoti kwenye ubao mkuu wa umeme inaweza kufika maelfu ya ampea, na kioo kinapasuka huku tao bado linawaka. Fyuzi ya kauri yenye mchanga ndani hufanya kazi tofauti: mchanga unanyonya joto, unayeyuka na kulizima tao.

Ipo ya kauri ya ukubwa huohuo, ya volti 250, inayoweza kukata ampea 1,500. Ibadilishe, ampea zilezile. Ni ahueni kubwa, lakini haitaigeuza mita yako kuwa ya volti 600.

Hatua ya 4: Fuata njia ya tundu la volti na omu

Mita iliyokingwa vizuri ina kidude cha duara hapo, thamista ya PTC (ukinzani wake hupanda ikipata joto), kisha varista (huanza kupitisha umeme volti zikizidi kiwango) inayoelekea COM. Ukiiacha swichi kwenye omu na kugusa volti 230, thamista inapata joto na ukinzani wake unapanda mno, mkondo unabanwa. Varista, au jozi ya transista, inazuia volti zilizobaki zisipande hadi kwenye chipu. Ukiondoa nyaya, thamista inapoa na mita inarudi kazini.

Ijaribu: kwa mita nyingine pima miguu miwili ya thamista ikiwa baridi. Nyingi husoma karibu omu 1,000 hadi 1,500. Sasa gusa mguu mmoja kwa ncha ya chuma cha kulehemu kwa muda mfupi. Ikishapata joto la kutosha, namba zinaanza kukimbia juu.

Kwenye varista, alama kama 10D471K inasomeka hivi: kipenyo milimita 10, volti 470, yaani 47 na sifuri moja. Kinachonikera ni duara lililochorwa kwenye bodi, matundu mawili ya lehemu, na kipuri hakipo. Mchoraji alikiweka, kiwanda kikakiacha.

Hatua ya 5: Nafasi

Tazama kama bodi imekatwa mfereji kati ya njia za volti kubwa. Njia zikikaribiana, msukumo wa ghafla wa volti unaruka bila kujali vipuri. Mita ya CAT III ya volti 600 inatakiwa kustahimili msukumo wa volti 6,000 kutoka chanzo chenye omu 2 tu.

Hatua ya 6: Amua kazi yake

Kama haina varista, haina fyuzi ya 10A na bodi yake haina mfereji, usiipeleke kwenye ubao wa umeme hata mara moja. Yangu ya namna hiyo ipo mezani hadi leo, inapima vizuri kabisa, na mgongoni nimeiandika kwa wino mweusi: BETRI NA BODI NDOGO TU.