Msaidizi mpya wa maabara ya hospitali: anzia dirishani, si kwenye mashine

Kila kijana mpya anayeletwa kwetu macho humkimbilia kwenye mashine. Mimi humgeuza, nikamwonyesha dirisha la kupokelea sampuli. Mashine ina wenyewe: hapa Kenya, tangu sheria ya 1999, anayepima na kutia saini majibu lazima awe amesajiliwa na bodi ya wataalamu wa maabara. Sisi wasaidizi hatusomi majibu, hata jirani akitubembeleza vipi njiani. Lakini jibu laweza kuharibika kabla damu haijafika mezani kwa mtaalamu, na huko kwote ni mikononi mwetu. Niko Lamu, kwa hiyo nitasema ya Lamu.

Hatua ya 1: Friji na jiki, kabla ya chai

Soma kipimajoto cha friji, kiwe kati ya nyuzi 2 na 8, uandike. Jioni tena. Kama kinahifadhi kiwango cha juu na cha chini, soma vyote, maana umeme huenda ulikatika usiku ukarudi alfajiri, nawe ukakuta friji baridi kana kwamba hapakuwa na neno.

Kisha changanya jiki. Iliyoandikwa asilimia 3.5, kikombe kimoja kwa vikombe sita vya maji, utapata asilimia 0.5. Ya jana imwage.

Hatua ya 2: Dirishani

Hapa kaa sana. Huku kwetu majina ni machache na watu ni wengi. Ita "Fatma Mohamed!" uone wangapi watainuka barazani. Kwa hiyo usimuulize mtu, "Wewe ndiwe Fatma Mohamed?" Bibi aliyechoka kungoja atakujibu naam, mradi aondoke. Mwamkie, kisha muulize: "Bibi, majina yako matatu ni nani?" Akishayataja, linganisha na fomu, linganisha na tyubu, halafu namba ya hospitali na umri. Kimoja kikipishana, rudisha kwa aliyemtoa mgonjwa damu. Usikirekebishe kwa kalamu yako.

Mwaka wangu wa kwanza, hospitali nyingine, nilikuwa hodari wa kuandika lebo mapema. Nikazipanga tyubu tupu mezani, zimependeza, kumbe wenye jina moja walikuwa wawili. Damu zikapishana. Kilichotuokoa ni kwamba mmoja alikuwa mjamzito, na kadi yake ya kliniki ilikuwa na kundi la damu ambalo halikuafikiana na jibu letu. Mtaalamu akazuia yote mawili, wakatolewa upya. Tangu hapo lebo naiandika damu ikishaingia, mgonjwa akiwa bado kitini.

Hatua ya 3: Rangi za vifuniko

Zambarau: igeuze taratibu mara 8 hadi 10, wala usiitikise kama chupa ya juisi. Buluu: ijae hadi kwenye mstari, kwa sababu dawa iliyomo, ya kuzuia damu isigande, imepimiwa sehemu 9 za damu kwa 1 ya dawa. Nyekundu: iache isimame nusu saa igande ndipo izungushwe, na kwenye mashine ya kuzungusha kila tyubu iwe na mwenzake wa uzito sawa upande wa pili. Kijivu ni ya kupima sukari: dawa yake huzizuia chembe za damu, ambazo bila hiyo huendelea kuila sukari ndani ya tyubu, na joto letu huzihimiza.

Usimimine damu ya zambarau kwenye nyekundu eti kwa kuwa nyekundu imepungua. Dawa ya zambarau ni chumvi ya potasiamu. Mtu mzima wa afya ataonekana ana potasiamu ya kumwua.

Hatua ya 4: Sampuli za boti

Sampuli za Faza au Kizingitini huja kwa boti, na boti husikiza maji kujaa na kupwa. Basi muhimu ni saa damu ilipotolewa, si saa ilipofika gatini. Isipoandikwa, piga simu uulize. Tyubu isimame wima, ifungwe ndani ya kopo lisilovuja, kopo liingie kwenye sanduku la baridi. Barafu isiguse tyubu, kwa kuwa damu ikiganda kwa baridi chembe hupasuka. Fomu iwe kwenye mfuko wake wa plastiki. Nimeshapokea fomu iliyolowa maji ya bahari, wino wote umekwenda na maji.

Hatua ya 5: Slaidi za malaria

Tone nene la damu kwenye slaidi likauke likiwa limelala, mbali na jua. Ukiliharakisha kwa joto, linajipika kwenye kioo na rangi haipenyi. Lifunike pia: nzi, mende na sisimizi hula damu ile, ukirudi unakuta kioo kina matundu. Na maji ya kuchanganyia rangi ya Giemsa yasiwe ya kisima. Chumvi ya visima vyetu tunaijua kwenye chai.

Hatua ya 6: Taka na sindano

Ndoo nyeusi ni ya taka za kawaida, njano ya zenye maambukizi, nyekundu ya zenye maambukizi makali. Sanduku la sindano hufungwa likifika robo tatu, lisishindiliwe.

Ukijichoma, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, usikamue, kisha sema hapo hapo. Dawa za kujikinga na virusi vya UKIMWI ni bora zianze ndani ya saa 2, na baada ya saa 72 hazianzishwi tena. Najua tatizo ni nini. Mji ni mdogo, na anayekaa kwenye foleni ya kliniki ile ataonwa na shangazi yake. Mwambie mkuu wa maabara faraghani, aende nawe, au dawa zichukuliwe zikufuate ulipo. Ni siku 28. Mimi nilizimeza, na shangazi hajui mpaka leo.