Barua ikisema "1 kati ya 120": kabla ya kukubali sindano ya tumbo

Ukiwa mjamzito England, kati ya wiki ya 11 na ya 14 utatolewa damu na kupigwa altrasaundi ya kupima maji yaliyo nyuma ya shingo ya mtoto, ukikubali. Kisha huja majibu. 1 kati ya 150, au namba ya pili ikiwa ndogo zaidi, mfano 1 kati ya 100, huhesabiwa kuwa uwezekano mkubwa wa mtoto kuwa na hali kama Down sindromu, hali ya kuzaliwa nayo inayotokana na kromosomu ya ziada. Dada mmoja alinionyesha barua yake, 1 kati ya 120, macho yamevimba kwa kulia. Nikamwambia aigeuze: kina mama 120 wenye barua kama hii, 119 watoto wao hawana.

Usikimbilie sindano ya tumbo, ile inayochukua sampuli kwenye mimba ili mtoto apimwe. Tangu 2021 hospitali za NHS, huduma ya afya ya umma, huko England hukupa kwanza kipimo kingine cha damu, kinachosoma DNA (chembe za urithi) ya mtoto ndani ya damu ya mama. Hakiigusi mimba, ila si jibu la mwisho. Jibu la uhakika hutoka kwenye sindano: sampuli ya kondo la nyuma (wiki ya 11 hadi 14) au ya maji ya chupa ya uzazi (kuanzia wiki ya 15). Maji yanayovutwa ni kama vijiko vitatu vinne vya chai, altrasaundi ikiongoza sindano. Kwa daktari mzoefu, hatari ya ziada ya mimba kutoka ni chini ya 1 kati ya 200. Ndogo, lakini ipo. Basi jiulizeni wewe na mwenzio: jibu likija, litabadilisha nini? Wapo wanaotaka kujiandaa tu, na hiyo nayo ni sababu. Mama mkwe ashauri, asiamue.

Kwetu sisi Waafrika selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, ndiyo ya kuangalia zaidi. Ukionekana ni AS, yaani umebeba jeni moja ya selimundu bila kuugua, baba wa mtoto apimwe kabla ya mtu kuzungumzia sindano. Yuko Mwanza? Apime hukohuko, atume majibu kwa simu. Wote mkiwa AS, kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa mtoto kuwa na selimundu. Baba ikionekana hana jeni ya selimundu wala nyingine ya aina hiyo, sindano ya selimundu haina kazi.

Mkalimani ni bure, mwombe mapema; usimtumie mtoto wako kutafsiri mambo haya. Kama kundi lako la damu ni Rh hasi au unaishi na VVU, mkumbushe mkunga kabla ya siku ya sindano. Baada ya sindano tumbo kukaza kidogo ni kawaida. Homa, damu au maji kuchuruzika, piga simu wodi ya wazazi saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.