Kibao cha Mwalimu kisicho na jina la fundi: anza na mgongo wake

Vibao vya sura ya Mwalimu Nyerere bado vinatundikwa kwenye sebule nyingi hapa Arusha, na vingi havina jina la aliyechonga. Mimi hutengeneza fremu Kaloleni, karibu na Mnara wa Mwenge. Wateja huniletea wakitaka vanishi ing'ae. Nawaomba: kwanza tukigeuze.

Laza kibao kifudifudi juu ya taulo, kisha mulika mgongo kwa tochi ya simu, mwanga uje kutoka ubavuni. Mikwaruzo ya patasi itajitokeza, na pengine herufi mbili tatu za penseli au namba iliyochorwa kwa msumari. Piga picha hapo hapo. Msasa ukipita mara moja tu, ushahidi wa huyo fundi umekwisha, na hilo linaniuma kweli.

Umri utafute kwenye maandishi. Nchi haikuitwa Tanzania kabla ya Oktoba 1964. CCM ilizaliwa Februari 5, 1977. Kikimwita "Hayati", basi kimechongwa baada ya Oktoba 14, 1999. Sura isiyo na mvi isikudanganye: hata leo fundi anaweza kuchonga kwa kutazama picha ya 1961.

Mbao nayo itazame ukingoni. Mpingo ni mzito mno, kiini cheusi, na sehemu ya nje ni ya njano iliyopauka. Weusi ukihamia kwenye pamba kavu, huenda kimepakwa dawa ya viatu. Hata hivyo usikidharau. Tazama masharubu yalivyokatwa, ukubali mkono wa fundi.

Kusafisha ni brashi laini, kavu, basi. Maji huvimbisha mbao, mafuta ya kupikia hunasa vumbi. Ukiona vitundu vinavyomwaga unga mpya, ni dalili ya wadudu wa mbao: kifunge kwenye nailoni bila kuacha upenyo, kiweke friza wiki mbili, na ukikitoa usifungue mpaka baridi iishe kabisa.

Mwisho andika karatasi: vipimo, mbao, nani alimpa nani, kilitundikwa nyumba gani. Waulize wazee wa nyumbani wakiwa bado wapo. Kwenye mchongaji andika "hajulikani". Usiandike "Mmakonde" kwa sababu tu ni mpingo. Wanaouchonga ni wa makabila mengi. Karatasi itie kwenye bahasha, uibane nyuma ya fremu bila gundi, halafu tundika mbali na jua la dirishani.