Kuunga AWS na repo ya GitHub kwa API, na dawa ya ile PENDING inayowakwamisha watu

Wakuu, kama bado unaunga AWS na GitHub kwa tokeni ya akaunti yako binafsi, achana nayo, maana siku tokeni ikiisha muda au ukihama kazi paiplaini yote (ule mfululizo wa hatua za kujenga na kupeleka programu) inalala na simu zinaanza kukutafuta wewe. Siku hizi kuna CodeConnections, huduma ya AWS ya kuiunga na GitHub na wenzake. Zamani iliitwa CodeStar Connections, wakabadilisha jina Machi 2024, kwa hiyo ukikutana na jina la zamani huko usichanganyikiwe, mambo ni yaleyale.

Apdeti AWS CLI (programu ya kuiamuru AWS kwa kuandika amri) kwanza kwa sababu toleo la kitambo haliijui hii amri kabisa, halafu piga:

aws codeconnections create-connection --provider-type GitHub --connection-name duka-github --region eu-west-1

Jina lisizidi herufi 32. Repo ikiwa Bitbucket au GitLab unabadilisha hapo kwenye provider-type tu. Ila kama GitLab mmeiweka kwenye seva yenu wenyewe, inabidi utengeneze hosti kwanza, yaani rekodi inayoiambia AWS seva yenu iko wapi.

Itakurudishia ARN, yaani kitambulisho kamili cha muunganisho wako ndani ya AWS, ile ndefu inayoanza na arn:aws:codeconnections, ikopi uiweke pembeni.

Sasa hapa ndo kwenye kazi. Amri imekubali, ARN unayo, unaipeleka kwenye paiplaini inagoma, unaanza kuhangaika na IAM (mfumo wa ruhusa wa AWS) usiku kucha bure. Cheki hali yake kwanza:

aws codeconnections get-connection --connection-arn ARN_YAKO --region eu-west-1

Ukiona "ConnectionStatus": "PENDING" ujue hakuna kilichoharibika. API inakutengenezea muunganisho ila haiwezi kukuruhusia GitHub kwa niaba yako, lazima mtu aingie kwa brauza akubali kwa mkono wake, na hata ukitumia zana za kutengeneza vitu kwa faili kama CloudFormation au Terraform ni hivyohivyo. Mimi naona wako sahihi, maana vinginevyo skripti yoyote ingejifungulia mlango wa kodi za programu zenu. Fungua konsoli, nenda Developer Tools, Settings, Connections, chagua wa kwako kisha bonyeza Update pending connection. Kama orodha iko tupu, angalia rijini (eneo la AWS, kama eu-west-1) juu kulia, si ajabu uko nyingine na ile uliyoandika kwenye amri.

Itakurusha GitHub uinstoli apu yao, AWS Connector for GitHub. Repo ikiwa ya kampuni, mwambie mwenye cheo cha owner aikubali, wewe kama memba wa kawaida unaweza ukaishia kutuma ombi tu. Na pale inapouliza repo zipi, tafadhali chagua zile unazohitaji, usibonyeze zote kwa uvivu. Ukimaliza rudia ile amri ya get-connection, inatakiwa isome AVAILABLE.

Kwenye CodePipeline, huduma ya AWS ya kuendesha paiplaini, provider ya sosi bado inaitwa kwa jina la zamani, CodeStarSourceConnection. Unaipa ConnectionArn, BranchName na FullRepositoryId kwa mtindo wa akaunti/repo, na herufi kubwa na ndogo ziwe vilevile zilivyo GitHub, duka-tz/Mauzo-App usiiandike duka-tz/mauzo-app. Roli ya paiplaini (utambulisho wa IAM inaofanyia kazi) nayo inataka ruhusa ya codeconnections:UseConnection, na kama mna miunganisho ya kitambo weka na codestar-connections:UseConnection, zikae zote mbili.

Kitu kingine, kwa kawaida CodeBuild, huduma inayojenga programu ndani ya paiplaini, inaletewa zipu ya kodi za programu bila historia ya git, kwa hiyo ukiita git log mle ndani inakujibu "not a git repository". Kwenye ile sosi weka OutputArtifactFormat iwe CODEBUILD_CLONE_REF, halafu ile ruhusa ya UseConnection uipe na roli ya CodeBuild pia, maana hapo ni yenyewe inayoenda kukloni, roli ya paiplaini haiisaidii.