Jinsi ya kuomba kibali cha kuingia Mikumi na Udzungwa ukiwa na watoto wa umri tofauti

Familia nyingi zikipanga kwenda mbugani huanza kutafuta gari na mahali pa kulala. Nakushauri uanze na umri wa watoto. Umri ndio unaoamua nani atalipa kiasi gani, nani ataruhusiwa kufanya nini, na mtazunguka saa ngapi kabla mdogo hajaanza kulia. Nimechagua hifadhi za taifa za Mikumi na Udzungwa kwa sababu ziko jirani, upande wa Morogoro nchini Tanzania, na zikiunganishwa zinamtosha mtoto wa miaka mitatu na kaka yake wa miaka kumi na nne katika safari moja.

Hatua ya kwanza: orodhesha wasafiri wote

Chukua karatasi uandike jina kamili la kila mtu, tarehe ya kuzaliwa na uraia wake. Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA, huhesabu hivi: mtoto wa chini ya miaka 5 halipiwi, wa miaka 5 hadi 15 hulipiwa kiwango cha mtoto, na kuanzia 16 ni mtu mzima. Hesabu umri atakaokuwa nao siku ya kuingia getini, maana kuna kijana hutimiza 16 katikati ya likizo.

Kama mtapanda treni ya SGR hadi Morogoro, huko kuna hesabu nyingine. Chini ya miaka 4 ni bure, miaka 4 hadi 12 ni nusu nauli. Kwa hiyo binti wa miaka 13 analipa nauli kamili kwenye treni lakini getini bado ni mtoto, na mdogo wake wa miaka 4 anakatiwa tiketi ya treni ila mbugani anaingia bure. Usitumie hesabu moja kwa vyote viwili.

Uraia nao una uzito. Raia wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki hulipa kwa shilingi, viwango vya chini kabisa. Wageni wengine hutozwa kwa dola. Mtoto aliyezaliwa ughaibuni akija na pasipoti ya huko atahesabiwa mgeni hata kama bibi yake anaishi Kilosa. Afadhali jambo hili lijulikane nyumbani, bajeti ipangwe, kuliko kubishana dirishani.

Hatua ya pili: kusanya vitambulisho

Watu wazima wabebe kitambulisho cha taifa (cha NIDA) au pasipoti. Asiye raia mwenye kibali cha ukaazi akibebe, kwa sababu wakaazi wana kiwango chao. Kwa watoto, cheti cha kuzaliwa ndicho muhimu. Kijana wa miaka 14 mwenye kimo cha baba yake hatatambulika kuwa mtoto kwa kuangaliwa usoni, na mhudumu wa geti ana haki ya kuomba uthibitisho. Beba nakala, na pia uwe na picha ya kila cheti kwenye simu. Kama mtoto hana cheti, kishughulikie RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi, mapema kabla ya kulipia chochote.

Mkienda na gari lenu, beba kadi ya gari. Magari hutozwa kwa kuangalia uzito na mahali yaliposajiliwa.

Hatua ya tatu: omba namba ya malipo

Fedha taslimu hazipokelewi. Wasiliana na ofisi ya hifadhi, au mwachie wakala wa utalii mwenye leseni. Taja tarehe ya kuingia, idadi ya watu kwa makundi ya umri na uraia, aina ya gari, na kama mtalala ndani. Mkitaka kupiga hema eneo la kambi maalum, hilo huwekewa nafasi kabla. Eneo la kambi la umma ni rahisi zaidi kupatikana. Tozo ya kambi ni ya kila mtu kwa kila usiku, tena ni tofauti na kiingilio. Omba mchanganuo ulioandikwa, wenye VAT ndani yake.

Utapewa namba ya malipo ya serikali: tarakimu 12, inaanza na 99. Lipa benki au kwa simu kupitia malipo ya serikali. Mtu akikutaka utume pesa kwenye namba yake binafsi ili "akuharakishie", kataa. Hifadhi risiti mahali pasipohitaji mtandao.

Hatua ya nne: panga shughuli kwa umri

Mikumi ni ya wote, hasa wadogo. Mkitoka alfajiri mkakae kimya kwenye bwawa la viboko, mtoto wa miaka mitatu atapata cha kusimulia wiki nzima. Mizunguko miwili mifupi, asubuhi na jioni, inatosha kabisa, mchana walale. Msimu mzuri ni Juni hadi Oktoba, na likizo ya Juni inaangukia humo. Wakati wa masika udongo mweusi wa tambarare ya Mkata hunasa magari.

Wakubwa wapelekwe Udzungwa. Huko hakuna kuzunguka na gari, ni miguu tu, na mnatembea na mwongozaji. Muombeni siku moja kabla katika ofisi ya Mang'ula. Maporomoko ya Sanje yana urefu wa mita 170 hivi, na matembezi yake huchukua takriban saa nne za kupanda na kushuka. Kwa mtoto wa miaka kumi na kuendelea aliyezoea kutembea ni furaha kubwa. Mzazi mmoja apande nao, mwingine abaki na wadogo kwenye njia fupi ya maporomoko ya Prince Bernhard, ambayo haifiki saa moja.

Usimwahidi mtoto jambo kabla ya kuuliza umri wake unaruhusu. Kuwaona sokwe wa milimani Rwanda au Uganda, kwa mfano, ni miaka 15 na kuendelea, na sharti hilo halijadiliwi.

Siku ya kuingia

Fikeni getini asubuhi. Mmoja wenu aingie ofisini na nyaraka zote kwenye bahasha moja, mwingine awapeleke watoto chooni, kwa sababu mkishaingia hamruhusiwi kushuka ovyo. Wavalisheni rangi za kaki au kijani. Bluu na nyeusi huvuta mbung'o. Mifuko ya plastiki iacheni nyumbani, imepigwa marufuku nchi nzima tangu Juni 2019.

Kibali kikitoka, kisomeni hapo hapo dirishani: idadi ya watoto, idadi ya watu wazima, namba ya gari, saa ya kuingia. Kosa likionekana kabla ya kuondoka dirishani husahihishwa kwa urahisi. Kwa kawaida kibali ni cha kuingia mara moja, kwa hiyo kama mnalala Mikumi mjini, ulizeni utaratibu wa kesho yake kabla ya kutoka, na mkitunze hadi mtakapokaguliwa mkiondoka.