Kurudi mwilini hofu inapokukaba

Kwa miaka mingi nilitafuta usalama kichwani: nikipanga, nikihesabu, nikirudia mazungumzo usiku kucha. Kilichonituliza hatimaye kilikuwa chini ya nyayo zangu.

Anza hapo. Vua viatu, simama juu ya udongo au majani, kisha uhamishe uzito polepole kutoka kisigino hadi vidoleni. Utahisi ubaridi, kijiwe, unyevu. Usitafute maana yake, hisi tu.

Halafu pumua. Vuta hewa kwa hesabu ya 4, itoe kwa hesabu ya 6. Siri iko kwenye kutoa: hapo ndipo neva ya vagasi, inayoshuka kutoka ubongoni hadi tumboni, hupunguza kasi ya moyo. Dakika 5 zinatosha. Ukisikia kizunguzungu, acha kuhesabu, upumue kawaida.

Sasa chagua mti mmoja uwe wako. Mimi huweka kiganja kwenye gome la wangu kila asubuhi. Upande mmoja una ufa ambamo sisimizi hupanda kwa mstari, na mvua ikinyesha gome hugeuka jeusi na kunukia. Huko Japani, tangu 1982, wanaita shinrin-yoku, yaani kuoga msituni, lakini huhitaji msitu mzima.

Kifua kikizidi kubana, usiulazimishe mwili. Fumbua macho, taja kwa sauti vitu 5 unavyoviona, tembea kidogo. Na kama hofu hiyo inatokana na jeraha la zamani, tafadhali mtafute mshauri nasaha, mwende naye polepole.