Kabla Hujashusha Corolla ya Zamani, Kagua Miguu Yake

Corolla AE100 na AE110 bado zimejaa barabarani. Ya kwanza ilianza kutengenezwa mwaka 1991, ya pili mwaka 1995, kwa hiyo hata iliyo changa kati yao imeshapita miaka 20. Bei yake ni ya kijana anayeanza maisha, spea zake zipo kila kona, na ukiivalisha rimu za sporti na kuishusha kimo kidogo kwa springi fupi inapendeza kweli. Kelele huja baadaye: inagonga miguu (shokapu, springi na viungo vyake) kwenye barabara ya vumbi, usukani unavuta upande, tairi za mbele zinaliwa kwa ndani. Mwenye gari analaumu springi fupi alizofunga. Mara nyingi springi hazina kosa. Gari lilikuwa limeshachoka miguu kabla, na likashushwa hivyo hivyo.

Hivyo anza na uzima wa ulichonacho, kisha ndiyo uulize bei ya springi. Corolla hizi zina shokapu iliyosimama wima kwenye kila gurudumu, mbele na nyuma, na springi imeizunguka. Juu shokapu inashikwa na maunti, kikalio cha mpira kinachoifunga kwenye bodi. Ya mbele ina beringi ndani yake ili gurudumu likate kona. Chini mbele kuna wishboni, mkono wa chuma unaoshikilia gurudumu, wenye bushi zake (mipira ya kwenye maungio) na boljointi (kiungo cha duara upande wa gurudumu), halafu tairodi, fimbo ya kugeuza gurudumu, inayotoka kwenye stelingi. Nyuma kuna vyuma vyembamba viwili vya kukingama na kimoja cha kwenda mbele, kila kimoja na bushi kwenye ncha zake. Watu hukagua mbele tu. Bushi za nyuma za gari la umri huu huwa zimekufa kimyakimya, na gari likishushwa ndipo mkia unaanza kuyumba kwenye kona.

Ukaguzi wenyewe hauhitaji mashine. Gari likiwa juu kwenye stendi imara, wala si jeki peke yake, shika tairi juu na chini ulitikise. Likicheza, shuku beringi ya habu (kitovu cha gurudumu) au boljointi. Shika kushoto na kulia. Likicheza hapo, shuku tairodi au raki endi, kiungo chake cha ndani. Ingiza mtaimbo kati ya wishboni na fremu uisukume taratibu: bushi nzima inarudisha kwa ugumu, iliyokufa inaonyesha nyufa au chuma kinatembea ndani ya mpira. Linki za stabilaiza, fimbo inayozuia gari kulala kwenye kona, zitikise kwa mkono. Fungua boneti, mwenzako azungushe usukani huku umeweka vidole juu ya maunti. Ukihisi springi inaruka kwa mkupuo badala ya kuzunguka, beringi ya maunti imeisha. Angalia pia kutu pale maunti inapokaa, hasa gari lililoishi karibu na bahari. Bati lililoliwa chumvi halifai kubebeshwa springi ngumu.

Sasa bushi, maana hapa ndipo pesa nyingi hupotea bila mtu kujua. Bushi ya wishboni haizunguki kama beringi. Mpira wake umegandishwa kwenye chuma cha ndani na cha nje, na wishboni inapopanda na kushuka, mpira unajisokota na kurudi. Kiwandani boliti zake hukazwa zikiwa kwenye kimo cha kawaida cha gari, ili gari likiwa limetulia mpira nao uwe umetulia. Ukishusha gari sentimita 4, wishboni inapanda na kubaki huko. Mpira sasa umesokotwa saa zote, hata gari likiwa limelala nyumbani usiku, na kila shimo linauongezea msokoto juu ya ule uliokuwepo. Bushi mpya itavumilia kwa muda. Ya miaka 20 itachanika.

Dawa yake ni rahisi na haina gharama ya spea: baada ya kufunga springi mpya, boliti zote za bushi zilegezwe, gari literemshwe likae kwa uzito wake juu ya magurudumu yote manne, lisukumwe mbele na nyuma kidogo litulie, kisha ndipo boliti zikazwe. Fundi aingie kwenye shimo la gereji, au gari lipandishwe kwenye rampu inayobeba magurudumu. Gereji nyingi za mtaani hukaza gari likiwa juu ya jeki na miguu inaning'inia, kwa sababu ndivyo spana inavyofika kwa urahisi. Hapo bushi zinasokotwa vibaya zaidi kuliko kama asingezigusa. Muulize fundi swali hili kabla hujampa kazi: bushi utazikaza gari likiwa wapi? Jibu lake litakuonyesha kama umfungulie boneti au uendelee kutafuta.

Kuhusu shokapu, usibakize za zamani eti kwa sababu hazivuji. Springi fupi za kununuliwa kwa kawaida ni ngumu kuliko za asili, na shokapu iliyochoka haiwezi kuzizuia. Gari linadunda kama mpira kwenye rasta za barabarani. Zaidi ya hapo, kila shokapu ina safari yake ya kwenda chini. Ukimega sentimita 4 za safari hiyo kwa kushusha, kilichobaki ni kidogo, na ule mpira unaokaa kwenye fimbo ya shokapu kuzuia chuma kisigonge chuma unaanza kufanya kazi ya springi. Mtu anasema "gari limekuwa gumu, la kisporti," kumbe limekalia mpira wa mwisho. Ukikaa hivyo muda mrefu, shokapu inavuja, maunti inapasuka. Kama bajeti ipo, nunua shokapu na springi vilivyotengenezwa pamoja kwa ajili ya kimo hicho. Seti za kurekebisha kimo zinazokuja mtumba kutoka Japani zinavutia, lakini zikague kama unavyokagua injini: fimbo isiwe na mikwaruzo, kusiwe na mafuta, na ringi za kupandisha na kushusha zizunguke. Zilizoganda kwa kutu zitakuweka kwenye kimo alichokipenda mwenye gari wa Yokohama, na barabara zake si zako.

Kukata springi nitalisemea kwa ukali kidogo, kwa sababu bado linafanyika kila siku. Gesi ya kuchomelea inaipasha springi joto linaloua ugumu wake, na sehemu iliyopata moto huendelea kulala au hukatika. Wapo wanaoipasha moto makusudi bila hata kukata, wanaiacha gari ijilaze yenyewe. Hao ni wa kukimbiwa. Grenda ni afadhali kwa upande wa joto, ila inaacha matatizo mengine mawili. Ncha ya springi ya asili imetengenezwa ikalie sahani yake vizuri, na ukiikata inabaki na ncha kali isiyokaa. Halafu springi iliyopungua urefu inaweza kulegea kabisa gurudumu linaponing'inia, kwa mfano ukipita tuta kwa kasi au ukitumbukia shimoni, na ikirudi isikae mahali pake. Kipimo ni hiki: gari likiwa limeinuliwa na gurudumu linaning'inia, springi isizungushike kwa mkono. Ikizungushika, hiyo si ya kutembea nayo. Na ujue kwamba kukata pia kunaongeza ugumu: springi yenye mizunguko 6 inayofanya kazi, ukiondoa mmoja, inakuwa ngumu zaidi kwa asilimia 20.

Siku ya kufungua, springi ibanwe kwa kifaa chake cha kubania kabla nati ya juu ya maunti haijaguswa. Kubania kwa waya au minyororo kumeshavunja watu taya.

Sentimita ngapi, basi? Kwa gari la kutembelea kila siku kwenye miji yetu, mimi naona 3 zinatosha. Corolla ya asili ina nafasi ya karibu sentimita 15 chini ya tumbo, na humo ndimo zinamopita sampu (bakuli la oili chini ya injini), bomba la ekzosi na mabomba ya breki. Pakia watu watano na mizigo ya kwenda kijijini uone mkia unavyoshuka wenyewe hata kabla ya kushusha chochote. Pima kabla: toka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa fenda, pembe zote nne, gari likiwa tupu kwenye sakafu iliyonyooka, uandike. Kupima toka chini hadi fenda kunadanganya kwa sababu ya upepo wa tairi. Pima tena likiwa na abiria wako wa kawaida. Kisha pita njia yako ya kila siku ukihesabu matuta ambayo gari lilikuwa linayagusa tangu zamani. Hayo ndiyo yatakayopasua sampu.

Kadiri wishboni inavyopanda kupita usawa, mambo yasiyoonekana yanabadilika. Gurudumu linainama kwa juu kuelekea ndani. Tairodi na wishboni, ambazo zilikuwa zinapanda kwa kufuatana, sasa kila moja ina njia yake, na gari likipita tuta magurudumu yanageuka kidogo bila wewe kugusa usukani. Na kitu ambacho wengi hawakitarajii: gari lililoshushwa sana linaweza kulala zaidi kwenye kona kuliko la asili, kwa sababu pointi ambayo bodi inainamia inashuka upesi kuliko uzito wenyewe. Ndiyo maana springi zinafanywa ngumu, kufidia hilo. Ukiona wishboni yako, gari likiwa limesimama, upande wa gurudumu uko juu kuliko upande wa fremu, umeshavuka mpaka wa busara. Pandisha, au tafuta boljointi ndefu maalumu zinazorudisha pembe hiyo.

Wili alaimenti, yaani kupima na kunyoosha pembe za magurudumu, basi, iwe kwenye bajeti tangu mwanzo. Ifanywe baada ya kushusha, lakini boljointi na tairodi zilizochoka zibadilishwe kwanza, maana kupima kitu kinachocheza ni kutupa hela. Kinachomaliza tairi upesi zaidi ni magurudumu kutazamana au kuachana, kuliko ule mwinamo wa juu. Mwinamo kidogo peke yake tairi linauvumilia. Kwenye Corolla hizi mwinamo wa mbele unaweza kurekebishwa kwa boliti maalumu zinazofungwa pale shokapu inapokutana na habu. Uliza kama kituo chako kinazo, na udai karatasi ya vipimo kabla na baada. Halafu jizoeze kupitisha kiganja kwenye ukingo wa ndani wa tairi. Ukisubiri kuona kwa macho, nyaya zitakuwa zimeshatoka.

Ekseli za mbele nazo zinafanya kazi kwa pembe mpya. Kama zilishaanza kulia tiki-tiki ukikata kona, zitakufa haraka. Kama buti zake (mipira inayofunika viungo) zina nyufa, mchanga unaingia na grisi inatoka. Buti ni bei ndogo kuliko ekseli. Waya na hosi za breki zifuatwe kwa macho huku usukani ukizungushwa mwisho hadi mwisho, zisiguse tairi wala springi. Kama mradi wako ni Hilux ya zamani badala ya Corolla, kuna la ziada: nyuma mara nyingi ina valvu ya breki inayosoma mzigo kwa kimo cha ekseli. Ukishusha, valvu inadhani umebeba, inapeleka nguvu zaidi kwenye breki za nyuma, na siku ya mvua mkia unapita mbele. Fimbo ya valvu hiyo lazima irekebishwe.

Rimu zichaguliwe pamoja na kimo, zisifuatie baadaye. Corolla hizi zina boliti 4 kwenye duara la milimita 100, na tundu la katikati la milimita 54.1, rimu yenye tundu kubwa zaidi ifungiwe ringi, vinginevyo usukani utatetemeka na utamsumbua fundi wa alaimenti bure. Aliyekuwa na tairi za 175/65 R14 (namba ya kwanza ni upana kwa milimita) akivaa 195/50 R15 kimo cha tairi hakibadiliki sana, lakini upana unaongezeka, na kwenye gari lililoshushwa ndipo fenda inapokwangua. Zungusha usukani mwisho huku watu wazito wamekaa nyuma, usikilize. Taa za mbele nazo zirekebishwe ukutani usiku, kwa kuwa mbele na nyuma havishuki sawa. Mwenye bima kubwa aandike barua kwa kampuni yake aeleze mabadiliko kabla ajali haijamwandikia.

Mwishowe panga malipo kwa mfuatano: bushi, boljointi, tairodi, maunti, kisha shokapu na springi, kisha alaimenti. Hela ikikata katikati, gari libaki juu. Baada ya kilomita 500 hivi springi zitakuwa zimekaa, kwa hiyo pima tena pembe zote nne, linganisha na karatasi yako, kaza boliti, na urudi kwenye alaimenti. Springi za asili zipakwe mafuta, zifungwe kwenye gunia na ziandikwe mbele na nyuma, kushoto na kulia. Siku ya kuuza, mnunuzi wa Corolla atazitaka.